Bado Haijageuka

Maji ya bahari yana karibu kila kitu ndani yake. Chota lita moja nje ya kisiwa cha Mbudya, mbali na midomo ya mito, utakuwa umechota gramu 35 hivi za chumvi za kila aina. Nyingi ni chumvi ile ile ya mezani. Baada ya hapo hesabu inaanza kushuka: magnesiamu kama miligramu 1,300, kalsiamu zaidi kidogo ya 400, potasiamu karibu 400, stronshiamu 8. Madini joto, yale yale yanayotangazwa kwenye pakiti za chumvi dukani, ni kama miligramu 0.06. Chuma ni kidogo kiasi kwamba hakitajwi kwa miligramu; katika bahari ya wazi, lita nzima kwa kawaida haina hata mikrogramu moja.

Mkemia William Dittmar alipima sampuli 77 za maji yaliyoletwa na meli ya Challenger, ambayo ilizunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876. Mwaka 1884 alitoa matokeo yake: chumvi inaweza kuzidi hapa na kupungua pale, lakini uwiano wa madini yale makubwa baina yao ni karibu ule ule kila mahali. Maji ya Kunduchi na maji ya upande wa pili wa dunia yamepikwa kwa vipimo vile vile. Nilipofundishwa jambo hilo Mlimani nilitabasamu peke yangu, kwa sababu nilishalisikia nyumbani kwa maneno machache zaidi. Baba hupenda kusema, "Mama, bahari haikosei mapishi." Ananiita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Tangi ndilo linalokosea. Sebuleni kwetu Kawe, kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumba cha wageni, kuna tangi la kioo la lita 300. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 260. Humo kuna samaki wanne na matumbawe kumi na moja. Tumbawe ni mnyama, ingawa kila mgeni huuliza kama ni jiwe au mmea. Hujenga mifupa yake kwa kuvuta kalsiamu na kaboneti kutoka majini, na katika kazi hiyo huchukua pia stronshiamu kidogo, magnesiamu kidogo, na vitu vingine kwa kiasi ambacho ulimi hauwezi kuvionja. Baharini akivuta, mkondo unamletea mengine. Kwenye tangi hakuna mkondo unaotoka mbali. Kilichotumika Jumatatu hakitakuwepo Jumanne mpaka mtu akirudishe, na mtu huyo hawezi kukirudisha mpaka ajue ni kiasi gani kimeondoka. Kwetu, mtu huyo ni Baba.

Kwa kazi, Baba ni fundi wa mabwawa ya kuogelea. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akizunguka Masaki, Oysterbay, Mikocheni na Mbezi Beach, kwanza kwa daladala na siku hizi kwa pikipiki, akiwa na begi lenye nyavu, brashi na vichupa vya kupimia klorini. Mwaka 2017 familia moja aliyokuwa akiifanyia kazi Masaki ilihama nchi. Waliuza sofa, wakauza gari na jenereta, lakini tangi halikupata mnunuzi. Matumbawe waliyokuja nayo yalikuwa vipande vidogo vilivyokuzwa kwenye mashamba ya Ulaya, yakiwa na karatasi zake, kwa kuwa matumbawe ya mawe yamo kwenye mkataba wa CITES na hayavuki mpaka bila kibali. Walimpa Baba tangi, karatasi, sanduku la dawa za kupimia, na nusu siku ya maelekezo. Mama alipoona vijana wanalishusha kwenye Kirikuu alisema nyumba inayohesabu yuniti za LUKU haiwezi kufuga bahari. Leo ni yeye anayewasalimia samaki asubuhi kabla ya sisi.

Baba hajawahi kutoa tumbawe hata moja baharini. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, na yeye ni mtu wa kuogopa sheria. Ila nadhani sababu kubwa zaidi ni kwamba aliikuta pwani hii ikiwa imeshachoka. Anakumbuka mlio wa baruti za wavuvi ukisikika mpaka Kawe, na matumbawe yaliyochimbwa yakichomwa kuwa chokaa ya kujengea. Kwake tangi ni kitu ambacho hakikuibiwa popote, nacho kinaishi.

Kupima hufanyika Jumamosi baada ya chai. Kipimo muhimu kuliko vyote kinaitwa KH, nacho kinaonyesha uwezo wa maji kupokea asidi bila kubadilika, ambao ndio akiba ya kaboneti ambayo tumbawe hujengea. Unatia mililita 4 za maji ya tangi kwenye kichupa, unadondosha matone mawili ya kiashiria, maji yanakuwa ya buluu. Kisha unachukua sirinji ya mililita moja yenye asidi na kuidondosha tone kwa tone, huku ukitikisa kichupa, mpaka buluu igeuke kuwa waridi. Kiasi cha asidi ulichotumia ndicho kinachokupa namba. Maji ya bahari yenyewe huwa karibu na 7. Baba hupenda 8. Kipimo cha kalsiamu huenda kinyume chake: unaanza na waridi na kumalizia na buluu. Kwa hiyo karibu kila tulichokijua kuhusu tangi lile kilisimama juu ya mtu mmoja kuona rangi inapogeuka.

Akishapata namba, Baba hujaza kilichopungua. Ana madumu mawili madogo chini ya tangi, moja la kloridi ya kalsiamu na lingine la bikaboneti ya soda, yaliyochanganywa kwa namna aliyoieleza Mjerumani Hans-Werner Balling miaka ya tisini. Mama alimuuliza siku moja kwa nini asitumie magadi ya kupikia maharage, ambayo yapo sokoni na ni bei rahisi. Nilimjibu mimi: magadi yetu ya ziwani huja na floraidi nyingi, ndiyo maana wanaoyatumia sana huko Kaskazini, pamoja na maji ya visima vya Meru, hupata meno ya kahawia. Kitu kidogo chenye manufaa kikizidi kidogo tu kinakuwa kitu kingine. Mama alisema, "Basi na sisi tusile." Tuliendelea kula.

Kalsiamu na KH ni vile vikubwa. Vidogo, yaani madini joto, chuma, manganizi, zinki na wenzao, havipimiki vizuri kwa vichupa vya nyumbani. Mwaka 2022 tulimpa ndugu aliyekuwa akisafiri kwenda Ujerumani kineli cha maji yetu, akakituma kwenye maabara ya huko inayopima maji ya matangi. Gharama ilizidi umeme wa tangi wa mwezi mzima. Majibu yalikuja yakiwa na orodha ya elementi zaidi ya thelathini, nusu yake Baba hakuwahi kuzisikia. Madini joto yalikuwa karibu sifuri, na zinki ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa. Baba alitumia Jumapili nzima akipekua kila bomba mpaka akakikuta kibanio cha chuma kilichopakwa zinki, kimeshika mpira wa pampu, kimeanza kuliwa. Alikiweka juu ya kabati kama ushahidi. Bado kipo.

Nilimweleza jinsi mashine ile inavyofanya kazi kwa sababu ndicho ninachosomea. Maji hupulizwa kwenye gesi iliyochemshwa mpaka maelfu ya digrii. Humo kila elementi hutoa mwanga wa rangi zake, na mashine husoma rangi hizo pamoja na ukali wake. Sodiamu ni njano ile unayoiona sufuria ya maji ya chumvi ikifurika juu ya moto wa gesi. Stronshiamu ni nyekundu ya fataki. Mwaka 1860, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walichemsha maji ya chemchemi ya Dürkheim yakapungua sana, wakatazama mwanga wa mabaki yake kwenye moto na kukuta mistari miwili ya buluu ambayo haikuwa ya kitu chochote kinachojulikana. Elementi hiyo mpya waliiita seziamu, kwa neno la Kilatini lenye maana ya buluu ya mbinguni.

"Kwa hiyo na wao wanaangalia rangi tu," Baba alisema.

"Wanaangalia rangi tu."

"Basi mimi na Wajerumani tuko kazi moja."

Tangu siku ile aliweka kanuni: asichoweza kukipima hakitii. Aliruhusu kitu kimoja, tone moja la madini joto kila Jumamosi, kwa sababu majibu yale yalionyesha yanaisha. Vingine vyote vidogo aliviachia bahari yenyewe. Mara moja kwa mwezi nahodha mmoja wa Kunduchi humletea madumu matatu ya lita 20, yaliyojazwa nje kabisa, mashariki ya Mbudya, maji yakiwa yamejaa. Tunatoa lita 60 za zamani na kutia 60 mpya. Humo mna manganizi, mna chuma, mna kila kilichoandikwa kwenye ile orodha, kwa vipimo vya Dittmar, kwa nauli ya mafuta ya boti.

Mpango huo una adui mmoja, nayo ni masika. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Mbezi na Mto Tegeta hutapika tope na takataka za mitaa yote kwenye ufukwe, na maji hubadilika rangi mbali sana kutoka nchi kavu. Wakati huo Baba hachoti. Masika ya 2024 yalikuwa ya kuogofya. Mvua zilianza mapema, zikakataa kukata, na nahodha alikaa wiki kadhaa bila kutuletea hata dumu moja. Nje huko nako hakukuwa salama. Tarehe 15 Aprili shirika la NOAA la Marekani lilitangaza kwamba dunia imo kwenye wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe, bahari ikiwa na joto kuliko inavyovumilika. Watu wazima wa pwani hii wanalikumbuka lile la 1998. Nahodha alimwambia Baba kwa simu kuwa baadhi ya matumbawe anayoyajua yamekuwa meupe kama vyombo vya udongo. Baba alirudia maneno hayo mezani, kisha akanyamaza.

Wakati huo nilikuwa naishi hosteli, nikirudi Kawe wikiendi moja moja. Jumamosi ya tarehe 4 Mei nilikuwa nyumbani. Ndiyo siku kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu upande wa Mafia. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa, upepo ulikuwa unacheza na mabati ya jirani, na hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Nilikaa mbele ya tangi. Ncha za Acropora, tumbawe letu la matawi, zilikuwa zimefunga rangi ya kahawia. Kwenye tawi linalokua, ncha huwa nyeupe, kama kucha mpya. Mwani wa waridi unaojipaka kwenye kioo cha nyuma ulikuwa umefifia, na pembeni ulikuwa umeacha madoa matupu.

Nikachukua daftari. Baba huandika kila kitu kwenye daftari kubwa la mistari, kwa kalamu ya buluu: tarehe, KH, kalsiamu, na mililita alizotia kwa siku. Nalinakili kama lilivyokuwa. Tarehe 6 Januari, KH 8.0, mililita 40. Tarehe 10 Februari, 8.3, mililita 34. Tarehe 16 Machi, 8.6, mililita 26. Tarehe 20 Aprili, 8.9, mililita 15. Asubuhi ile ile ya Hidaya, 9.1, mililita 8. Kalsiamu nayo ilikuwa inapanda ngazi hiyo hiyo.

Ukiangalia haraka, ni fundi makini: namba inapanda, anapunguza dawa. Mimi kilichonishtua ni kwamba haikuacha kupanda. Kwenye tangi lenye matumbawe hai, ukipunguza unachotia, KH lazima ishuke. Ikipanda, basi ama kuna mtu mwingine anayetia, ama matumbawe yameacha kabisa kujenga, ama kipimo kinasema uongo. Mtu mwingine hakuwepo. Matumbawe yalikuwa na njaa, si shibe. Nilitazama tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye dawa za kupimia, zilikuwa mpya. Nikatazama tena mwandiko. Kwenye kurasa za 2022 ulikaa juu ya mstari. Kwenye kurasa za 2024 ulikuwa mkubwa zaidi, na mara nyingine uliupita mstari na kushuka chini yake.

Jumatatu nilienda chuo na chupa ya maji ya tangi ndani ya begi. Nilipima kwa mita ya pH, ambayo haihitaji rangi yoyote, mara tatu. KH ilikuwa 6.1.

Jumanne jioni nilirudi Kawe nikamwambia Baba tupime pamoja. Hakuuliza kwa nini. Alileta kiti chake dirishani, ambako miezi ya karibuni alikuwa amehamishia kazi hiyo. Alisema balbu za siku hizi hazina mwanga. Akatia mililita 4, akadondosha kiashiria, akaanza na asidi. Mkono wake haujawahi kutetemeka. Tone, tikisa. Tone, tikisa. Maji yakawa ya zambarau kidogo, kisha waridi, waridi wazi kama ua la bugenvilia.

Tone, tikisa.

"Baba," nikasema, "imeshageuka."

"Bado haijageuka."

Tone, tikisa. Nikahesabu. Ilikuwa matone manane baada ya rangi kubadilika, ndipo akasema, "Sasa." Akasoma sirinji akiwa ameiweka karibu kabisa na jicho la kushoto. Akafungua daftari, akashika kalamu, hakuandika. Tulikaa hivyo. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, na naamini alikuwa amesikia, kwa sababu mbuzi ilikuwa imenyamaza.

"Wewe umeiona wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwenye sirinji.

"Mbali hivyo?"

"Mbali hivyo, Baba."

Aliniambia usiku ule, baada ya taarifa ya habari. Kwa miezi sita hivi, buluu na waridi vilikuwa vinamjia kama kahawia mbili zinazofanana. Alikuwa anasubiri mpaka kahawia ikolee, ndipo anahesabu kuwa imegeuka. Kwenye mabwawa ya watu alikuwa na njia yake: anamwita kijana wa bustani, anamwambia, "Hebu wewe mwenye macho ya ujana, hii njano unaionaje?" kana kwamba anamfundisha kazi. Wengi walifurahia kufundishwa. Nyumba moja ya Mbezi Beach haikuwa na kijana wa bustani, nayo ilishamwambia asirudi tena, maji yaliwawasha watoto macho. Hakumwambia Mama. Alimwambia kwamba wenye nyumba wamehama.

Niliuliza kwa nini hakwenda hospitali. Alinitajia Baba mkubwa, kaka yake, aliyetiwa dawa ya mitishamba jichoni akiwa Tabora na kupoteza jicho lile moja kwa moja. Nikamwambia hiyo ni dawa ya mtaani, siyo hospitali. Akasema anajua. Akasema pia kwamba mwenye bwawa haajiri fundi kipofu, na mtu akishaonekana kwenye foleni ya macho, Dar es Salaam ni ndogo.

Sikuwa na hoja ya kujibu hilo. Nilikuwa na hesabu tu, nikaifanya mbele yake. Kupandisha KH kwa digrii moja kwenye lita 260 kunahitaji kama gramu 8 za bikaboneti ya soda. Huwezi kupandisha kwa pupa. Mabadiliko ya ghafla huumiza matumbawe kuliko upungufu wenyewe. Tukakubaliana nusu digrii kwa siku, gramu 4, haijai hata kijiko cha chai, kwa siku nne. "Na wewe je?" nikamuuliza. "Wewe tunakupandisha lini?" Mama akatoka chumbani akiwa na kitabu chake cha kikoba mkononi, akasema pesa ipo, na kwamba wenye nyumba wa Mbezi Beach hawajahama, alikutana na dada yao wa kazi sokoni tangu mwezi wa tatu.

Walienda CCBRT, Msasani, mwezi wa sita. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa zaidi. Baba alirudi na maelezo ambayo aliyakariri kama anavyokariri dawa za bwawa. Lenzi ya jicho huanza ikiwa safi kama kioo. Kwa miaka huanza kuwa na ukungu, na mara nyingi huwa ya njano, kisha kahawia. Njano huzuia buluu isipite. Kwa hiyo mtu haoni giza, anaona dunia ile ile iliyotiwa chai. Na kwa kuwa inakuja polepole, jicho lenyewe haliwezi kulalamika. Halina la kulinganisha nalo.

Hilo la mwisho nimelifikiria sana. Darasani tunafundishwa kuogopa kosa la aina hiyo kuliko mengine yote. Kosa linalorukaruka, leo juu kesho chini, utaligundua kwa kurudia kipimo. Lakini kifaa kinachopotoka taratibu kuelekea upande mmoja hutoa namba nzuri, zinazofuatana vizuri, na kila namba mpya inaitetea ya jana. Dawa yake ni moja, kulinganisha na kifaa kingine. Baba alikuwa amelinganisha kila siku ya maisha yake kazini, klorini na rangi ya kadi, asidi na rangi ya kiashiria. Hakuwa na mtu wa kumlinganisha yeye. Mimi nilikuwa Mlimani, kilomita chache tu kutoka Kawe, nikirekebisha mita za watu wengine kwa myeyusho wenye pH inayojulikana, kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi wa saba. Alikuwa macho wakati wote, ganzi tu, na alisema kilichomsumbua zaidi ni kukosa la kufanya na mikono. Walitoa lenzi ya zamani, wakaweka ya bandia. Kesho yake bandeji ilipoondolewa alimtazama Mama kwa muda, akasema, "Kumbe hiyo khanga ni nyeupe." Mama akamwambia imekuwa nyeupe tangu harusi ya shemeji yake.

Nyumbani alisimama mbele ya tangi, na wa kwanza kuulizwa nilikuwa mimi. "Nani amebadilisha taa?" Hakuna aliyebadilisha. Taa za matumbawe ni za buluu, zimekuwa za buluu tangu Masaki. Akasogea, akafumba jicho la kulia, akafumbua, akafumba la kushoto. Akafanya hivyo mara nyingi sana, mpaka Mama akamwambia ataumiza kidonda. Kisha akaomba vichupa. Nilimkatalia kwa sababu daktari alisema asiiname, kwa hiyo niliandaa mimi, nikakinyanyua kichupa mbele yake. Waridi ilipotokea aliitazama kwa jicho jipya, akaitazama kwa jicho la zamani.

"Hili linasema imegeuka," akasema. "Hili linasema bado."

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akasema nimletee daftari, akaanza kurudi nyuma kurasa moja moja, Aprili, Machi, Februari, akitazama namba zake kwa jicho la kulia. Hakukata hata moja. Aliandika pembeni, kwa mwandiko uliorudi juu ya mstari: "Hizi zilisomwa na jicho la zamani."

Madumu ya Mbudya yalirudi mvua zilipokwisha, matatu, na wiki mbili baadaye matatu mengine, kwa kuwa tulikuwa na deni la vitu vidogo. Hatukutia chuma, hatukutia manganizi, hatukutia chochote cha chupa zaidi ya lile tone la madini joto. Mwishoni mwa Agosti Acropora ilitoa ncha nyeupe kwenye matawi mawili. Tumbawe moja dogo, la pembeni kabisa, halikupona. Baba aliutoa mfupa wake na kuuweka juu ya kabati, kando ya kibanio cha zinki.

Jicho la kushoto bado halijafanyiwa, limepangiwa tarehe. Kazini amewaambia wenye mabwawa wote kuwa amefanyiwa upasuaji, tena bila kuulizwa, na wawili kati yao wamemuuliza gharama kwa ajili ya wazazi wao. Nyumba ya Mbezi Beach hajaipigia simu. Kijana mmoja wa bustani wa Mikocheni sasa anapima klorini mwenyewe, na Baba anamlipa kidogo.

Daftari lina safu mpya. Baba alizichora kwa rula: moja imeandikwa "Mimi", nyingine "Mama". Kila Jumamosi niliyopo tunapima mara mbili, kila mtu na kichupa chake, mgongo kwa mgongo, na hakuna kusema namba mpaka wote tumeandika. Jumamosi iliyopita yeye alipata 7.8, mimi 7.6. Tulibishana kidogo kuhusu ni wapi hasa waridi inaanza. Zote mbili zimeandikwa.